Nyumba ya Mbuzi Mwenye Kiu

Sehemu ya tisa

"Usiguse hapo!"

Sauti hiyo ndiyo iliyotukatia uhondo wiki iliyopita, na wako wasomaji walioshikilia kwamba ni ya jini. Hapana, jamani. Majini hayavai miwani. Alikuwa Bi Zakiya, mama yake Kheiria, kasimama mlangoni na bakora yake, umri miaka themanini na minne.

Kheiria alibaki na vidole vyake ukutani. Fundi wa esi, ile mashine ya kupoza chumba, alikuwa ametoboa tundu moja tu asubuhi ile, na lipu ya chumba cha mbele ikaporomoka upana wa mlango. Chini ya lipu kulikuwa na mawe, na juu ya mawe maandishi mekundu ya Kiingereza. Alikwisha kuyasoma mara tatu. Lilikuwa jina la baa, na kwa lugha yetu maana yake ni Mbuzi Mwenye Kiu. Chini ya jina alichorwa mbuzi mwenyewe, kashika bilauri kwa kwato. Chini ya mbuzi, orodha ya pombe.

Na hiki, kwa aliyejiunga nasi leo, ndicho chumba ambacho wanawake wa kijiji cha Sidari hukusanyika kila Alhamisi baada ya alasiri kusoma Kurani. Ni miaka hamsini sasa, na anayewaongoza ni Bi Zakiya. Misahafu yao hupangwa juu ya jukwaa refu la mawe lililoshikamana na ukuta.

Kheiria aliligeukia lile jukwaa. Kimo cha kiuno. Upana wa kuegemea viwiko viwili. Maisha yake yote alidhani lilijengwa kwa ajili ya misahafu.

"Mama, nyumba hii ilikuwa nini?"

"Nyumba."

"Mama!"

"Nyumba ya mawe, mwanangu. Mawe hayana dini."

Bi Zakiya alijikokota mpaka kwenye kiti chake akakaa. Hakuuangalia ukuta. Kheiria akajua hapo hapo kwamba mama yake hakushangaa, na jambo hilo lilimtisha kuliko mbuzi.

Tukumbushane kwa haraka. Marwan, mjukuu wa mtu aliyempa marehemu Sheikh Amur, baba yake Kheiria, nyumba hii, kaja na waraka. Waraka unasema nyumba ni yake. Kawapa mpaka Jumapili wahame. Jumatatu anavunja, ajenge maghorofa. Bi Zakiya ameapa kwamba hatoki humu ila kwa jeneza. Kheiria ana tumaini moja tu, nalo ni kijana anayeitwa Humam, wa ofisi ya majumba ya kale. Nyumba ikiandikwa katika daftari lake haivunjwi, na aliyemo ndani hatolewi. Lakini Humam alitaka ushahidi. Nyumba za kuishi watu ziko nyingi, alisema. Mletee ithibati kwamba hapa palikuwa mahala pa mkusanyiko, soko, forodha, chochote, ataiandika siku hiyo hiyo.

Wiki mbili Kheiria kaitafuta ithibati hiyo. Sasa kaipata. Wahenga walisema Mungu akitaka kukupa hakuandikii barua. Hawakutuambia kwamba akitaka kukuaibisha, ataandika kwa rangi nyekundu.

"Baba alijua?" Kheiria aliuliza.

Bi Zakiya alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake.

"Baba yako ndiye aliyekuwa akimimina."

Nyambura aliingia na sinia la chai wakati huo huo, akasimama. Ni Mkenya, mwaka wa nne sasa anamuuguza Bi Zakiya, na masikio yake hayajawahi kukosa jambo.

"Ati Sheikh alikuwa barman?" alisema. "Huyu huyu wa picha ya ukumbini, mwenye kilemba?"

"Weka chai, Nyambura."

"Naweka, Mama. Lakini mbona mnasikitika? Kwetu kuna baa zimegeuka kanisa na watu wanaokoka ndani yake. Hii ni maneno ya zamani."

"Kwenu kwenu," alisema Bi Zakiya. "Kaa chini basi, usikie vizuri, usije ukasikia nusu ukaitia chumvi."

Akaanza kusimulia.

"Baba yako alipotoka Unguja alikuwa na Kiswahili, na Kiingereza cha skuli ya serikali. Kiarabu hana. Tumekuja kwetu, nchi ya mababu zetu Waarabu, tunaambiwa karibuni kwenu, watu wanamsemesha yeye anawatumbulia macho. Kila anapokwenda kuomba kazi anachekwa. Mwarabu gani asiyejua Kiarabu! Tulikuwa tunalala watu sita chumba kimoja mtaa wa Hamriya. Ndipo akatokea Mzungu. Wahandisi wa barabara walikuwa na kambi yao hapa Sidari, na Mzungu kakodi nyumba hii kawafungulia baa. Anataka mtu anayejua Kiingereza. Basi. Miaka miwili baba yako kasimama nyuma ya hayo mawe unayowekea misahafu. Hakuonja hata tone, nnakuapia. Lakini alimimina."

"Na nyumba akaipataje?"

"Barabara ilipokwisha Mzungu kaondoka. Mwenye nyumba, babu yake huyu Marwan, kamwambia baba yako, ichukue wewe. Kaitisha mashahidi, kaandika waraka, kampa asome mwenyewe mbele ya watu. Wee Kheiria, alivyousoma! Unamjua baba yako na chuo chake cha Kurani. Kha ni kha, dhadi ni dhadi, kila herufi na makhraji yake, na ile sauti. Mashahidi wakasema mashaallah. Alipomaliza wakamuuliza, Amur, umeridhika? Kasema nimeridhika. Katia saini. Hajafahamu hata neno moja."

Kheiria ni mwalimu wa Kiarabu, skuli ya Azaiba, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Siku Marwan alipomwonesha ule waraka alihitaji dakika moja tu. Haukuwa waraka wa kuuziana. Ulikuwa wa kukodi, miaka hamsini, na hamsini imeshapita. Wiki mbili nzima amekuwa na hasira na marehemu baba yake: mtu msomaji yule, vipi alitia saini kitu kama hiki?

"Kwa nini hakuuliza, Mama? Aseme tu, nifahamisheni."

"Aulize?" Bi Zakiya alimkazia macho. "Watu wazima kumi wameshasema mashaallah, ndio ageuke aulize, jamani, nimesoma nini?"

Hasira ya Kheiria iliisha pale pale. Kilichobaki kilikuwa kizito zaidi, na aliona bora angebaki na hasira.

"Alikuja kujua lini?"

"Wewe ulipoingia darasa la nne. Ulikuwa ukirudi na vitabu, yeye anakaa nawe, unadhani anakusomesha. Alikuwa anajisomesha. Siku moja kalitoa sanduku, kaufungua waraka, kausoma tena. Siku ile hakula. Usiku kaniambia, Zakiya, hamsini ni mingi, tutakuwa tumeshakufa." Akakiweka kikombe bila ya kunywa. "Yeye keshakufa. Mie ndiye niliyechelewa."

Nyambura aliyetabiriwa kutia chumvi hakutia kitu. Alichukua kikombe akaenda kukimwaga.

* * *

Kheiria alipiga picha ya ukuta kwa simu, akatundika pazia juu yake, akampigia kaka yake. Jaifar ni mkubwa wa idara serikalini, ana nyumba mpya Mabela yenye marumaru mpaka jikoni. Binti yake, Noof, ameposwa na watu wakubwa, na Jumanne ijayo ndiyo siku ya kufunga ndoa.

"Ziba ukuta," alisema Jaifar baada ya kusikia yote. "Leo hii."

"Ukuta ndio utakaomwokoa Mama."

"Kumwokoa? Wakisikia wakweze Noof kwamba babu yake alikuwa mwuza pombe, tutabaki na uso gani? Na Mama je? Mwalimu wa wanawake! Mlete kwangu, nna vyumba saba."

"Mama hataki vyumba saba, Jaifar. Anataka kimoja."

"Na aibu pia haitaki. Ziba ukuta."

Akakata simu. Kheiria alikaa nayo mkononi akihesabu siku. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Kisha akampigia Humam.

"Baa?" Humam alisema, na sauti ikamchangamka. Kiswahili chake ni cha kulelewa na bibi. "Ya kijiji? Dada Kheiria, hiyo sina hata moja katika daftari zima! Nitakuja kesho baada ya alasiri. Ijumaa na Jumamosi ofisi imefungwa, na Jumapili itakuwa tumechelewa."

"Kesho baada ya alasiri kuna wanawake."

"Basi hakuna wakati mwengine."

Kheiria aliingia kumwambia mama yake, na alikuwa amejitayarisha kwa kelele. Bi Zakiya alikuwa juu ya msala, tasbihi mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwache aje," alisema. "Lakini kabla hajatamka yeye huyo mbuzi wake, ntatamka mie. Wanawake wangu hawatayasikia kwa mtu wa mbali."

"Mama, watakususa."

"Wangapi?"

"Sijui. Wote, labda."

"Basi watanisusa nikiwa kwangu," alisema Bi Zakiya, akaendelea na tasbihi yake.

* * *

Alhamisi. Tega sikio, msomaji, maana siku hii ina miguu mirefu.

Asubuhi Kheiria alikuwa skuli. Nyambura alimpeleka Bi Zakiya Hamriya kupimwa presha, wakakaa kwenye foleni mpaka adhuhuri. Nyumba ilibaki peke yake saa nne nzima. Walipotoka hospitali hakuna aliyelifunua pazia, kwani nani alikuwa na hamu ya kumwona mbuzi tena?

Baada ya alasiri wanawake wakaingia. Walikuwa kumi na wanane, na manukato yao, na viatu vyao mlangoni. Walichukua misahafu juu ya jukwaa wakasoma juzuu yao. Bi Hasina, aliyekuja na meli moja na Bi Zakiya kutoka Unguja na akajenga nyumba ya pili kutoka hapa, alikaa mahala pake pa siku zote, kuliani kwa rafiki yake.

Walipomaliza dua, Bi Zakiya hakusema "amin, kahawa hiyo" kama ilivyo ada. Alisema:

"Kaeni kidogo. Nna neno."

Akalisema. Hakulizungusha. Nyumba hii ilikuwa baa, na mume wangu alikuwa mhudumu wake. Jukwaa mnalowekea misahafu lilikuwa la bilauri. Nilijua siku zote na sikukwambieni. Leo atakuja mtu kuandika, nami nimeona mlisikie kinywani mwangu.

Hakuna aliyemtukana. Kheiria baadaye alitamani wangetukana. Mwanamke mmoja alisema "la haula" kwa sauti ya chini. Mwengine aliuliza, "Na swala zetu je, Bi Zakiya? Miaka yote hii?" na hakungoja jibu. Wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kuhani msiba. Kila mmoja alikwenda kwenye jukwaa akatafuta msahafu wake. Mmoja wao, mwanafunzi wa kwanza kabisa wa Bi Zakiya, aliupangusa wake kwa ncha ya mtandio, akaubusu, akautia mkobani. Kheiria alimjua tangu utotoni, na mama huyo alipita mbele yake bila ya kumwangalia.

Mlango ulibaki na jozi chache za viatu, kisha jozi moja. Bi Hasina alikuwa bado ameketi kwenye kibaraza cha nje, anahangaika na kamba ya kiatu chake. Magoti yake hayamsaidii.

Bi Zakiya alikuwa wima katikati ya chumba.

"Walikuwa wangapi?" aliuliza.

"Wote, Mama."

"Haidhuru. Nyumba imesalia."

"Assalamu alaykum!" Humam huyo, kijana mwenye furaha, na kamera shingoni na daftari kwapani. Alimbusu Bi Zakiya mkono, akauliza hali, akaomba radhi kwa usumbufu, yote kwa pumzi moja. "Yuko wapi mbuzi wetu?"

Kheiria alilivuta pazia.

Mbuzi hakuwepo.

Maandishi hayakuwepo. Palikuwa na mawe matupu, meupe kwa kuchokolewa, na alama za patasi kutoka juu mpaka chini. Hata chembe ya rangi nyekundu haikubaki. Vumbi lilikuwa limefagiwa vizuri.

"Nani?" Kheiria alisikia sauti yake mwenyewe ikipanda. "Nyambura! Nani kaingia humu?"

"Madam, sisi tulikuwa hospitali! Ufunguo ni wewe, mimi na..." Nyambura alijiziba mdomo.

"Na mimi," alisema mtu mlangoni.

Jaifar aliingia na kanzu nyeupe kama ya siku ya Idi. Lakini vidole vyake vilikuwa vimechubuka, na kidole gumba cha kushoto kimefungwa plasta.

"Nimefanya kwa mikono yangu," alisema. "Sikumpa fundi, ili asije mtu akasema. Saa tatu nzima. Kheiria, usinitazame hivyo. Nisikilize kwanza. Marwan anajua. Babu yake alimhadithia yote, baa, baba, kila kitu, na alikuwa tayari kuyasema mahakamani na kwenye kila simu ya mji huu. Nimekwenda kwake leo asubuhi. Tumeelewana. Yeye ananyamaza mpaka kufa kwake. Sisi tunahama. Nimetia saini kwa ule uwakala alionipa Mama nisaini kwa niaba yake." Akamgeukia mama yake, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. "Nyumba imekwenda, Mama, nnajua. Lakini jina lako liko salama. Hakuna mtu Sidari atakayejua kitu. Nimeilinda heshima yako."

Mtu haruhusiwi kumcheka mwana wa namna hii. Kwa hiyo hakuna aliyecheka.

Bi Zakiya alimsogelea.

"Heshima ipi, Jaifar?" alisema kwa upole. "Nimeitoa sasa hivi. Umepishana nayo hapo njiani, inavaa viatu."

Jaifar hakufahamu. Aliangalia jukwaa tupu. Aliangalia mlangoni, akakumbuka wanawake aliowapita wakitoka kimya kimya, na wale ambao hawakumrudishia salamu. Hapo akafahamu. Alikaa chini, na kanzu yake yote, sakafuni.

Mwana katoa nyumba kulinda jina. Mama katoa jina kulinda nyumba. Wamekwenda wote wawili sokoni siku moja na hakuna aliyerudi na kitu. Kheiria alitaka kumpiga kaka yake, akataka kumkumbatia, mwisho hakufanya hili wala lile.

Alimkimbilia Humam. "Picha ninayo! Nilipiga kwa simu, hii hapa, tazama, anaonekana mpaka ndevu."

Humam aliitazama, na furaha yake yote ilikuwa imemtoka.

"Dada, picha haitoshi. Siku hizi mtu anaagiza mbuzi kwenye simu, anamwekea na bilauri, dakika moja tu. Wao wanataka ukuta." Akafunga kifuniko cha kamera. "Na hiyo saini ya ndugu yako... Labda..."

"Labda nini?"

"Kanuni inakubali kitu kimoja badala ya ukuta. Shahidi aliye hai. Si aliyesikia, aliyefanya kazi humu ndani. Akikiri na kutia saini mbele yangu, nikiandika leo, hata hiyo saini ya Bwana Jaifar inasimamishwa. Lakini mzee wenu amefariki. Mzungu sijui yuko wapi. Nani mwengine aliyekuwepo?"

Nje Bi Hasina alikuwa bado na kamba yake.

"Yupo," alisema Bi Zakiya.

"Nani, Mama?"

"Mie."

Jaifar alinyanyua kichwa.

"Mama, wewe ulikuwa mke wake tu," alisema Kheiria. "Ulikaa nyumbani."

"Nlikaa jikoni." Bi Zakiya alishika bakora yake kwa mikono miwili. "Pombe ya Mzungu ilikuwa inakuja kwa meli. Meli mara inakuja, mara haiji. Wahandisi wana kiu, Mzungu anapiga kelele, anataka kumfukuza baba yako. Nlikuwa na wewe tumboni, Jaifar. Basi. Tende zilikuwepo, na masufuria yalikuwepo. Andika, mwanangu. Amur alikuwa akimimina. Aliyekuwa akiipika ni mie."

Kheiria aliitazama mikono iliyoshika bakora. Mikono hii iliyomfundisha alifu na bee. Mikono hii iliyoshika vidole vya nusu ya watoto wa Sidari ikaviongoza juu ya mstari. Alimpenda mama yake, na kwa nukta moja alitamani asingemjua. Aliona haya kwa fikra hiyo, na haya haikuiondoa.

"Mama, nyamaza," Jaifar alisema. "Nakuomba. Noof..."

"Nimenyamaza miaka hamsini, nimepata nini? Andika!"

Humam alifungua daftari. Mkono wake haukuwa na furaha tena, lakini aliandika. Jina, umri, kazi aliyofanya ndani ya jengo. Kalamu ilikwaruza ukurasa mzima. Nyambura alimletea Bi Zakiya miwani yake bila ya kuombwa. Kheiria aliona, kwa mara ya kwanza tangu Marwan aje na waraka wake, kwamba huenda wakaiokoa. Itakuwa nyumba bila ya wageni, bila ya Alhamisi, na kaka asiyesema nao. Lakini itakuwa nyumba, na mama yake ndani yake mpaka siku yake.

"Tia saini hapa, bibi," alisema Humam. "Ikishapita hapa, wataalamu watakuhoji mara moja tu, uwaeleze yote unayoyakumbuka."

Bi Zakiya alichukua kalamu.

"Yote, Zakiya?"

Waligeuka. Bi Hasina alikuwa kasimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Alikuwa amesikia kila neno.

"Hasina, nenda nyumbani," alisema Bi Zakiya.

"Nilikuwa nakwenda. Nimesikia unaambiwa uwaeleze yote." Sauti yake haikuwa na ubaya. Ilikuwa na woga. "Watakuuliza ile pombe ya tende iliachwa kupikwa kwa sababu gani. Utawaambia nini? Utawaambia yule mhandisi alirudi kwao?"

Kalamu ilisimama.

"Mhandisi gani?" alisema Kheiria. "Mama? Mhandisi gani?"

"Aliyekunywa kikombe cha kwanza cha sufuria ile," alisema Bi Hasina, "na asubuhi hakuamka. Kina mama wawili na Amur, na majembe mawili, na Mzungu kashika taa. Kambi wakaambiwa kachukuliwa na mafuriko ya wadi, huko bondeni. Mimi nilikula kiapo, Zakiya, na nimekishika mpaka leo. Lakini sitakishika mbele ya serikali."

Jaifar alikuwa amesimama. Humam aliondoa daftari polepole kutoka mbele ya bibi, kama mtu anayeondoa kisu mbele ya mtoto.

Bi Zakiya aliweka kalamu mezani. Uso wake ulikuwa umezeeka mara moja, na Kheiria aliona kwamba yule mwanamke aliyekuwa wima mbele ya wanawake kumi na wanane hayupo tena.

"Funga daftari lako, mwanangu," alimwambia Humam. "Sikusema kitu. Jaifar, nipeleke Mabela. Nyambura, nifungie nguo zangu."

"Mama, na nyumba?" alilia Kheiria.

"Ivunjwe."

Bi Hasina alidondosha kiatu kilichokuwa mkononi.

"Zakiya, umesahau tulimzika wapi?" alisema. "Wakivunja, watachimba msingi."